Nifute Nakala, au Nitamfuta na Mama?

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla kidole changu hakijanisaliti. Naitwa Evelio, wa Holguín hapa Kuba, na mtaani kwetu hakuna asiyenijua, maana paketi ya wiki, ile diski ya filamu na tamthilia inayozunguka nyumba kwa nyumba, hupita kwangu kwanza, na nikisema kwanza nina maana kuna tamthilia ya Kituruki niliyoona mwisho wake kabla waigizaji wenyewe hawajaujua. Shule niliiacha mapema, niliona walimu wananichelewesha. Kompyuta yangu nimeiunga mwenyewe, inatumia mfumo wa Linux, na lile dirisha jeusi la kuandikia amri likiniona linatoa shikamoo.

Sasa shida. Diski imejaa, haipokei hata wimbo mmoja, na Jumamosi mpwa wangu Yaneisy anatimiza miaka kumi na tano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kama ya harusi, gauni lipo, nguruwe yupo, na Lázaro mpiga picha, huyohuyo aliyempiga mama yetu picha kwenye sherehe yake ya mwisho, Mungu amrehemu, ataleta picha zote kwangu, kwa kuwa niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba diski ya Mjomba Evelio inaweza kumeza Kuba yote na bado ikabaki na njaa. Kilichoijaza ni nakala juu ya nakala, kwani kila paketi ikija naogopa virusi, basi nanakili kwanza folda ya picha za mama mahali pengine humohumo kwenye diski, halafu nasahau, halafu nainakili ile nakala.

Jirani yangu Osmany kaniandikia amri ya kutafuta mafaili yenye jina moja, inabakiza moja, mengine inafuta. "Bonyeza bwana, si wewe bingwa?" ananiambia. Dada yangu Migdalia naye kasimama mlangoni na mwiko: "Evelio, ukipoteza hata picha moja ya mama, Jumamosi utakula nje na kuku!" Nikamjibu, "Wewe pika, mashine niachie mimi," lakini Mshauri, mkono huu uliowahi kutengeneza jenereta kwa uma wa kulia chakula haukubonyeza kitu. Nikachungulia, nikaona IMG_0001 imo kwenye folda ya mama, na imo pia kwenye picha alizoleta Lázaro juzi, za Yaneisy akijaribu gauni. Nikasema basi hiyo ni nakala, ila moyo ukagoma. Nibonyeze, nisibonyeze?

Evelio, Holguín

*

Evelio, ondoa kidole hapo. Nasubiri.

Umeondoa? Vizuri. Huo moyo uliogoma una akili kumshinda Osmany. Jibu umeliandika mwenyewe, ila ulikuwa unajisifu ukalipita. Mpiga picha ni yuleyule, na kamera ni ileile. Akisafisha kadi ya kuhifadhia picha baada ya sherehe, kamera inaanza kuhesabu upya, kwa hiyo picha mbili zina jina moja, ila katika moja ni mama yako, katika nyingine ni Yaneisy na gauni lake. Amri ile ingebakiza mmoja wao, na mashine haijui nani kazikwa na nani bado yupo. Tena, kinachofutwa kwenye dirisha jeusi hakipiti kwenye kapu la taka. Kimekwenda.

Acha kulinganisha majina, linganisha kilichomo ndani. Kompyuta inaweza kusoma faili zima na kulipatia alama, kama alama ya kidole gumba: mafaili yaliyo sawa kabisa hupata alama moja, hata yakiitwa majina tofauti. Ingia kwenye folda kuu ya diski, uandike hivi:

find . -type f -exec md5sum {} + | sort | uniq -w32 -D

Hapo hakifutwi kitu. Inasoma, inapanga, kisha inakuonyesha yale tu yenye alama moja, yakiwa yamekaa pamoja. Itachukua muda, basi ianzishe umeme ukiwa umerudi tu, si ukiwa karibu kukatika. Katika kila kundi bakiza moja, mengine yahamishie folda ya pembeni. Mwite Migdalia, zifungueni za mama pamoja, na akiridhika yeye, si wewe, ndipo ufute hiyo ya pembeni. Anza na tamthilia za Kituruki. Ndizo nzito, na mwisho wake unaujua.

Sikucheki kwa kumnakili mama mara nyingi vile. Uliogopa kumpoteza tena, nani asiyeogopa? Lakini nakala zote zikikaa kwenye diski moja, diski ikifa zinakufa pamoja. Mama abaki mara moja kwako, na mara moja kwenye diski nyingine, nyumbani kwa Migdalia. Mpelekee mwenyewe kabla ya Jumamosi, umwombe radhi kwa lile la "wewe pika."

Halafu siku ya sherehe vaa shati safi, simama kando ya Yaneisy wakati Lázaro anapiga picha ya kwanza kabisa. Ipe folda yake. Itakuwa na jina lilelile la picha ya mama, na zote mbili zitakuwepo.