Hadi wa Mwisho Aelewe

Jumatatu, 5 Februari 2001
Duara tena. Kila asubuhi tunapanga viti mviringo na kila mtu anaeleza alivyoamka. Nina miaka ishirini na saba. Niliamka na mgongo unauma. Nikasema "vizuri", wakanipigia makofi. Hapa ukipiga chafya pia unapigiwa.

Hii ni shule ya waliotemwa na shule zingine. Mimi nilitemwa kidato cha tatu, baada ya mgomo wa maharagwe yenye wadudu. Miaka sita nimeshona mifuko ya suruali kiwandani Athi River, nikijisomea hesabu. Sikufundishwa na mtu.

Mwalimu mkuu anataka tumwite Kalekye, basi. Hakuna kiboko wala kengele. Pole pole, rafiki. Ninaichukia hiyo "rafiki".

Jumatano, 7 Februari
Habari mbaya. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na hapa kuna sheria yao. Tuko makundi ya watatu. Kundi halisajiliwi hadi kila mmoja atatue mlinganyo ubaoni na aeleze kwa nini. Anayejua amfundishe asiyejua.

Nimepewa Kyalo, kijana aliyefukuzwa shule tatu na anazisifia zote. Na Mwaitu, muuza ndengu wa miaka arobaini na mbili. Wote wanamwita hivyo, yaani mama yetu kwa Kikamba. Mimi niko na wangu nyumbani, ananitosha.

Bila cheti narudi kwenye cherehani hadi macho yaishe. Yote sasa yako mikononi mwa muuza ndengu.

Ijumaa, 9 Februari
Tumekaa kwa saa mbili nzima. x + 7 = 12. Nikamwambia Mwaitu, saba ikivuka alama ya sawa inageuka kuwa kutoa.

"Kwa nini igeuke?"

"Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

Kyalo alicheka hadi akashika benchi. "Buda, mathe amekubamba!" Buda ni mimi, mathe ni Mwaitu.

Mjinga wa kimya ningemvumilia.

Jumanne, 13 Februari
Kyalo ameshika kwa dakika kumi, bila kuuliza chochote. Mwaitu bado. Swali lile lile. Ameniletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kwenye mkebe wa siagi. "Kula, mwalimu." Nikala. Sikumshukuru.

Kalekye akapita: "Mnaendelea vizuri!" Paka wa jikoni naye huambiwa hivyo.

Alhamisi, 15 Februari
Kalekye anaweka kadi za milinganyo ndani ya kopo na hachanganyi kamwe. Anaamini watu. Nimetazama makundi matatu yakijaribiwa, na kadi inayotumika inarudi chini. Jana nilimsaidia kubeba lile kopo. Ya juu sasa ni 3x – 5 = 16.

Nimemkaririsha Mwaitu mstari kwa mstari, kama aya za kanisani. Hizo anazimeza haraka ajabu.

"Ndiyo itakuja?"

"Ni mfano tu."

Akaniangalia. Akajua. Sioni aibu. Aibu haina cheti.

Ijumaa, 16 Februari
Ikatoka ile ile. Mwaitu aliandika yote, mwandiko safi, x = 7. Makofi.

"Na hiyo tano," Kalekye akauliza, "kwa nini imekuwa kujumlisha?"

Mwaitu akaweka chaki chini. "Sijui. Nimekariri. Nimeuliza wiki nzima. Labda mwalimu wangu aje atueleze."

Hakusema kwa ubaya. Nikaenda. Nikasema inavuka, inageuka. Kalekye: "Kwa nini?" Nikasema ni sheria.

"Ya nani, buda?" Kyalo huyo.

Nilisimama na chaki. Miaka sita ya vitabu. Najua kugeuza. Sijawahi kujua kwa nini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kalekye alichukua kopo, akachanganya kadi mbele yetu, bila kumtazama mtu. "Mna hadi saa kumi."

Tukakaa nje, ukutani. Saa tisa Mwaitu akasema, kama anajisemea: "Pande hizi mbili wanasema ni sawa. Upande mmoja umepunguzwa tano. Nikirudisha tano huku na nisiongeze kule, nimewafanya waongo. Kwa hivyo hakuna kitu kinavuka. Ni mimi naongeza pande zote mbili."

Kyalo akasema ebo! Mwaitu alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa namziba mdomo.

Saa tisa na dakika arobaini alitatua kadi mpya na akaeleza. Kyalo akafuata. Mimi wa mwisho, kwa maneno ya Mwaitu, neno kwa neno. Kalekye aliandika majina yetu matatu akitabasamu. Tabasamu hilo bado silipendi.

Jumatatu, 19 Februari
Baada ya masomo nilipitia sokoni. Mwaitu alikuwa anachambua ndengu, akitupa mawe. Nikamwambia kuna jambo la hesabu za sehemu: ukigawanya, ya pili unaigeuza juu chini. Nafanya hivyo tangu darasa la sita. Sijui kwa nini.

"Hata mimi sijui," akasema. Akasogeza gunia. "Keti."

Nikaketi.