Jogoo Wako Nilimficha

Baba Akinyi,

Ni mimi, Nyar Awasi, yule msichana uliyemtoa Awasi ukamleta hapa Dunga kwa watu wa samaki. Naandika kwa daftari ya mtoto, karatasi ya katikati. Shule niliachia darasa la tano, hiyo unajua, na ulikuwa unacheka vile naandika herufi kubwa kubwa kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya ziwa. Leo cheka tu. Hata ningefurahi kukusikia.

Hapana. Ngoja. Nisiseme hivyo. Utaona kwa nini.

Kuna kitu nilikuficha siku tulipokuzika.

Unamkumbuka Mheshimiwa. Wewe mwenyewe ulimpa jogoo wako hilo jina, ukasema kelele ni nyingi na kazi hakuna. Saa nane mchana ukitoka ziwani ulikuwa unakaa naye mlangoni, unamtupia omena, vile vidagaa vya ziwa, huku unamwambia Akinyi hadithi zako za wanyama. Kiboko aliyeenda kanisani akakosa benchi. Kenge aliyeiba sabuni ya mke wa mchungaji, na hiyo uliapa uliona kwa macho. Mtoto anauliza, "Baba, ni ya kweli ama ya uongo?" Wewe unamjibu, "Nusu." Na ile ya jogoo, ati mtu akipotea ziwani, jogoo wake akibebwa kwa mashua atawika pale mwenyewe amelala. Mimi nikakukemea, "Yawa! Mtoto ana miaka minane, unamwambia mambo ya maiti?" Ukasema hiyo pia ni nusu.

Mashua yako ilipopatikana kwenye magugu, imepinduka na wewe haumo, wanaume walikutafuta siku tatu. Siku ya nne Akinyi akatoka na Mheshimiwa kwapani, akampelekea baba yako mdogo, Mzee Okech. "Mbebeni. Baba alisema yeye anajua." Watu wakaangaliana. Mzee hakucheka. Nilisimama ufuoni nikaona ile mashua inaenda polepole kando ya mafunjo, jogoo amesimama mbele kimya, kama abiria. Halafu akawika. Mara moja tu. Ulikuwa hapo chini.

Desturi unaijua kunishinda. Mwenye boma akifa, jogoo wake anachinjwa, wazee wa ukoo wanamla, asibaki anawika kama bado kuna mwanamume wa kuitwa. Bila hivyo mwenyewe haendi. Nilijua. Lakini nitamtoa aje, Baba Akinyi, na yeye ndiye alikuleta nyumbani? Akinyi alikuwa amelala amemkumbatia. Nikampeleka kwa jirani, Mama Rose, nikamfunika na kikapu cha samaki. Kaka yangu alikuwa amekuja matangani kutoka Awasi na jogoo mwekundu kama Mheshimiwa. Nikawapa wazee huyo. Wakala, wakanawa mikono, wakaenda. Nikasema, nani atajua.

Matanga yalipoisha nikamrudisha Mheshimiwa.

Mwanzo ilikuwa furaha. Mtoto alianza kula. Halafu Mheshimiwa akaacha kuwika asubuhi. Anawika saa nane mchana, mara moja, amesimama mlangoni akiangalia njia ya ziwani. Na akiwika, kuku wote wanaacha kuchakura. Wanasogea kando, huku na huku, wanaacha njia katikati. Halafu shingo zao zinageuka pamoja, polepole, zinafuata kitu mpaka ndani ya nyumba. Mimi niko hapo na sufuria mkononi, sioni mtu. Lakini sakafu niliyopiga deki sasa hivi inanuka ziwa.

Nilisali. Nilimwambia Mama Rose, akasema, "Wewe huna usingizi tu, kunywa uji." Nikanywa uji.

Siku moja nakaanga samaki, nasikia Akinyi anacheka peke yake mlangoni. Akaja kunihadithia ya kiboko jike mzee anayelala chini kabisa, pale maji ni meusi. Anasikiliza makasia ya wanaume wanaopita juu, na akipenda sauti ya mmoja anambakisha, awe anamwimbia. Nikashtuka. Hadithi zako zote nazijua, nilikuwa nazisikia nikijifanya sisikii. Hiyo sikuwahi kuisikia.

"Ni ya nani hiyo?"

"Ya Baba."

"Alikuambia lini?"

"Jana."

Samaki wakaungua. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama ni ya kweli ama ya uongo. Akaniangalia na yale macho yako. "Nusu," akasema.

Ijumaa iliyopita shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa naanika omena na Mama Rose, nikasikia Mheshimiwa, lakini sauti haikutoka nyumbani. Ilitoka mafunjoni. Nilikimbia bila viatu. Jogoo alikuwa amesimama juu ya mashua yako, ile iliyovunjika tukaivuta pale kando. Na mtoto alikuwa majini. Maji yamefika kifuani. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja mbele na kuinua juu kidogo, vidole vimefunga, vile mtoto anashikwa mkono na mtu mzima kuvuka barabara.

Nilimvuta. Sijui nilipiga kelele gani. Yeye hakulia. Alisema tu, "Mama, Baba alikuwa ananionyesha pale kiboko analala. Sasa umefanya ameachilia mkono wangu."

Baba Akinyi, najua hukutaka mabaya. Wewe ulimwonyesha huyu mtoto kila kitu, hata mayai ya kenge. Lakini hapo ulipo sasa si pa kuonyesha mtoto. Na aliyekufunga hapa ni mimi. Nilikufunga na jogoo.

Nilienda kwa Mzee Okech saa ile ile, nguo zinadondosha maji. Nikapiga magoti nikasema yote. Mzee akaendelea kuchokoa meno.

"Nyar Awasi, mimi nimekula kuku wa ziwa miaka sabini. Kuku wa hapa analishwa omena, nyama yake inanuka omena. Yule mlitupatia alikuwa mtamu kama mahindi."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinyamaza.

"Jogoo wa mume hanyang'anywi mjane. Anatoka kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nangoja. Umekawia, mama, hata meno yanataka kuisha."

Jana tulimaliza. Nilimwambia Akinyi ukweli wote. Akamlisha Mheshimiwa omena mwenyewe, mmoja mmoja, akamnong'oneza kitu, akanipa. Nikampeleka kwa wazee na mikono yangu hii. Walikula. Mzee alipoonja akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. "Omena," akasema.

Saa nane ikafika. Hakuna aliyewika. Lakini kuku waliacha kuchakura. Wakasogea kando, huku na huku, wakaacha njia. Safari hii shingo zilianzia mlangoni, zikageuka polepole, zikafuata mpaka njia ya ziwani. Nilikuwa nimemshika Akinyi na mikono yote miwili. Harufu ya maji ikatupita. Ikasimama kidogo, nafikiri. Halafu ikaenda. Kuku wakarudi kuchakura.

Leo nimemwambia mtoto anihadithie tena ile ya kiboko, iliishia wapi. "Sijui mwisho," akasema. "Baba hakumaliza." Na akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alilia kama mtoto wa watu, makamasi na yote. Mimi nikalia naye, na moyoni nilikuwa nashukuru.

Kwa hivyo nakuahidi. Hizo hadithi nitazimaliza mimi. Sina mdomo wako, na kiboko hata wa picha namwogopa, lakini nitajaribu, na akiniuliza nitamwambia ni nusu. Kaburi lako nitalipalilia. Mashua Mzee ataipasua kuni kesho.

Nakupenda vile vile, haijapungua hata kidogo. Ukisikia jogoo wa Mama Rose anawika mchana, si wewe anaita. Geuka upande wa pili ulale.

Usirudi.

Nyar Awasi wako,
Mama Akinyi