Nani Kamlisha Zuhura?

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya pili wodini. Kidole cha mwanangu Zuhura kimebanwa tena na kile kibanio chenye taa nyekundu. Akiwa macho, 95. Akilala, 88. Nesi anasema ndiyo oksijeni iliyomo kwenye damu. Alipogeuka nikakijaribu kwenye kidole changu. 98. Ama kinasema kweli, ama kinanipendelea.

Vinyama vimeota kooni. Ana miaka minne, sauti hana, anapumua kwa mluzi. Daktari wa koo katoka Dar na Alhamisi anaondoka.

Mama mkwe kafika kutoka Newala na kapu. Sijalipenda lile kapu.

Jumanne, 4 Februari

Mtaalamu wa usingizi kanieleza. Kesho daktari atakata vinyama kwenye njia ileile ya pumzi, kwa hiyo mpira mkubwa wa kooni hawauweki. Vimipira viwili puani vitasukuma oksijeni ya uvuguvugu, mtoto anapumua mwenyewe huku kalala. Umeme ukikatika? Akanionesha mtungi wa oksijeni. Umejaa? Akaufungulia nisikie. Huyu nimempenda kidogo.

Sharti lao tumbo tupu. Chakula kikipanda, hakuna cha kukizuia kisiingie mapafuni. Anaweza kufia palepale. Mwisho wa kula saa sita usiku.

Nimemwambia mama mkwe mara tatu. Kajibu, "Mtoto mgonjwa kushindishwa njaa! Kwetu hatujaona." Roho haijatulia.

Miaka tisa napokea korosho ghalani Masasi. Gunia juu safi, chini mawe. Watu nawajua.

Jumatano, 5 Februari

Asubuhi. Nimekwenda kuoga, nimemwachia mama mkwe mtoto. Narudi, Zuhura anatafuna. Nimemtia kidole mdomoni. Muhogo.

Nimemvuta mama mkwe hadi kwenye korido. "Mama, unataka kumuua mwanangu?" Watu wamegeuka. "Mie sijampa kitu, Mama Zuhura. Haki ya Mungu, nilikuwa naswali." Kila aliyekosa hukimbilia mswala. Nimepekua kapu mbele yake. Kanga, kitana, chupa ya chai. Muhogo hakuna. Basi kaumaliza.

Nikisema, wanamwondoa kwenye orodha, na daktari kesho hayupo. Nikinyamaza, saa tatu anaingia chumba cha upasuaji. Aibu kuandika: robo saa nzima nilinyamaza.

Mchana. Nimesema. Mtaalamu wa usingizi hakunifokea. Kamweka wa mwisho, saa kumi. Waliotangulia wakichelewa, basi tena.

Mama mkwe kakaa kwenye ngazi za nje. Hajala. Asitake kuhurumiwa.

Jioni. Wamemtoa! Anapumua bila mluzi. Nesi anasema namba ilishuka hadi 84, mara moja tu. Daktari akatoa vyombo, wakaongeza oksijeni, wakangoja ipande, ndipo akaendelea. Nimelia hadi kamasi.

Kisha Mama Salima wa kitanda cha jirani kaja kumpongeza mtoto. "Maskini, asubuhi alilia njaa, nikampa kipande cha muhogo. Bibi yake alikuwa anaswali."

Hana habari kabisa. Wala sikuweza kumkasirikia. Nani anakula mbele ya mtoto anayelia? Hata mimi ningempa. Nilichungulia nje. Mama mkwe yupo palepale kwenye ngazi. Sikwenda. Niliogopa.

Alhamisi, 6 Februari

97, na amelala. Daktari keshaondoka.

Baada ya chai nimempigia magoti mama mkwe. Mama, nimekukosea, nisamehe. Alikuwa anakunja kanga.

"Nimesikia."

Akaendelea kukunja. Sijui nimesamehewa au nimesikiwa tu. Akasema anawahi gari la Newala. Nikataka kumsindikiza, akasema nikae na mgonjwa.

Alipofika mlangoni Zuhura akaita, "Bibi!" Sauti ya kukwaruza, lakini sauti. Wodi yote ikageuka. Mama mkwe akarudi hadi kitandani, akamshika mashavu, akamwambia neno la Kimakonde ambalo sikulisikia vizuri. Akatoka. Mimi hakunitazama.