Mashine za Kujumlisha na Tumbaku ya Midia

Arua, Jumatatu, 4 Oktoba 1976
Mwaka wa kumi na mbili tangu nikimbie Watsa, upande wa Kongo. Asubuhi nimetia mafuta mashine zangu nne za kujumlisha, kama kila msimu wa tumbaku. Mwenye ghala wa Koboko huzikodi mpaka ununuzi uishe. Kodi hiyo ndiyo duka langu. Riboni na karatasi ninazouza hazinilishi.
Hajatuma gari.

Jumatano, 6 Oktoba
Gari halitakuja. Swalehe, mfanyabiashara kijana wa Koboko, amemuuzia mwenye ghala kalkuleta za mfukoni. Za betri. Nimeishika moja sokoni. Nzuri. Nimechukia ilivyo nzuri. Mashine yangu ina uzito wa mtoto wa miaka miwili, na kelele kumzidi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Mdogo wangu aliyebaki Watsa ametuma neno kupitia wachuuzi wa Kikongo: funga duka, rudi, nyumba ya baba iko tupu. Siku nzima nimehamisha vitu visivyohitaji kuhamishwa. Kule nitakuwa mzee wa kupewa kiti. Hapa ni Mzee wa Mashine. Bila mashine, sijui.

Jumanne, 12 Oktoba
Nimepanda lori mpaka Midia, wanakopimia tumbaku. Nilitaka kuona ninavyoshindwa. Karani wa mwenye ghala anapima robota, anabonyeza kalkuleta, anataja jumla, anafuta. Haraka sana. Nimeumia.
Ikafika zamu ya mama mmoja, mkulima wa pale. Akakaa juu ya marobota yake. Yasipakiwe.
"Mistari yangu iko wapi?"
Mashine zangu huchapa uzito kwenye utepe wa karatasi, mstari mmoja kwa kila robota. Wasiosoma huenda nao nyumbani, huhesabu mistari kwa kidole. Miaka yote nilidhani nakodisha hesabu.
Karani: "Mama, hii iko ya Japani. Haiwezi kosea."
"Basi Japani ikuje ibebe tumbaku yake."
Watu wakacheka. Kisha wakakaa nao, kila mtu juu ya yake. Lori limerudi tupu. Nami nimerudi nalo, moyo ukidunda kama wa kijana. Aibu kidogo.

Jumatano, 13 Oktoba
Leo nimekwenda Koboko. Nimemwambia mwenye ghala: sikodishi tena mashine. Nitasimama nazo mwenyewe kwenye mizani, unilipe kwa kila utepe. Kalkuleta zibaki ofisini. Amekunja uso, akasema namkaba. Kisha akauliza kama naweza kuanza kesho.
Swalehe amenikuta mlangoni.
"Mzee, mimi nilifikiri nimeshazika wewe."
"Umenihamisha tu, mwanangu. Karatasi za utepe unaweza kunitafutia?"
Anaweza. Bila shaka anaweza. Simpendi bado.

Koboko, Jumapili, 31 Oktoba
Nimepanga chumba nyuma ya duka la Swalehe. La Arua nimelifunga. Mabega yanauma. Mashine moja imevunjika meno; tatu zinatosha. Mwakani huenda kalkuleta zitajifunza kuchapa. Nitafikiri kitu kingine.
Mchuuzi wa Kikongo anavuka mpaka kesho. Nimemtuma kwa mdogo wangu: aingize watoto wake katika nyumba ya baba, atengeneze paa kabla ya mvua kubwa.
Mimi sitarudi Watsa.