Chumba cha Seifu Ndani ya Websaiti Yangu

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nina miaka sabini na moja. Ndugu zangu wanne walizaliwa na sikoseli kama mimi — hakuna aliyefika jandoni. Mimi nimewapita wote. Nimempita na daktari wa kwanza aliyepima damu yangu akasema sitafika ishirini. Alipokufa nilikwenda hangani kwake, nikala wali wa matanga, nikaongeza. Nimeipita na hoteli ya Diani niliyokuwa dobi wake miaka thelathini. Sasa paa limeingia ndani na wageni wake ni tumbili. Mimi nipo.

Muuguzi wa kliniki alisema niandike siku za maumivu, ni goti gani na ni kiasi gani. Naandika. Lakini goti peke yake halijazi daftari, na mimi nina mambo.

Leo hakuna maumivu. Baridi ya Julai tu, na baridi ndiyo adui wa damu hii, inaingia kwenye mifupa kama misumari. Nimevaa soksi mbili mbili. Asubuhi nimepigwa picha na pasi ya makaa mkononi, ikapanda kwenye websaiti. RAI YU HAI. Ndilo jina la websaiti na ndiyo habari yake ya kila siku. Hafswa, binti yangu mwenye duka la simu Kombani, ndiye aliyenifungulia. Aliniuliza, baba, utaandika nini kila siku? Nikamwambia hilo niachie mimi. Herufi nilizisomea gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na mvi tayari, na kwa kidole kimoja nawashinda wenye kumi. Nikichoka naiambia simu, nayo inaandika.

Wagonjwa wenzangu wananisoma hadi Tanga. Nawaambia wanywe maji, wajifunike, wameze vidonge, wasikose kliniki. Halafu nawatilia habari za ushujaa wangu, maana ushauri mtupu hausomwi.

Jioni imeingia komenti ndefu. Mwanamke, Kadzo, wa Mackinnon Road. Mtoto wake Lewis ana miaka sita na ana sikoseli. Mumewe Harrison, fundi wa magurudumu ya malori, amechoka kumwona mtoto akidungwa sindano. Asema watoto wa hivyo hawakui. Bora apelekwe kwa nyanya yake, mbali na hospitali, acheze kwa amani mpaka siku yake ifike. Safari ni tarehe ishirini na sita, kwa lori la rafiki yake. Kadzo alimwonyesha websaiti yangu ili abadili nia. Harrison akacheka.

Kadzo ameandika hivi: "Shikamoo babu. Niambie kweli tupu. Wewe ni mzee na una sikoseli, ama ni hadithi?"

Hadithi! Mimi!

Jumamosi, 5 Julai

Nimemjibu Kadzo kwa kirefu. Kadi ya kliniki nimeipiga picha pande zote mbili nikamtumia.

Harrison mwenyewe kajibu, kwa sauti. Ana adabu, hilo nakubali, ameanza na shikamoo. Kisha akanichana. Asema ameisoma websaiti mwanzo hadi mwisho. Ukurasa mmoja nina miaka sabini na moja, mwingine sabini na saba, na ule wa kupigana na pweza, miaka themanini. (Themanini niliitia kuvutia watu.) Kadi, asema, vijana wa kompyuta kule saiba hutengeneza kwa dakika tano. Tena ameiona habari ya jando, mwaka wa Uhuru, vile nilivyombeba mwenzangu Seifu mgongoni kutoka kumbini hadi kwao, yeye kazimia kwa woga.

"Mzee, mwanangu hawezi kubeba hata nusu ndoo ya maji. Wewe ulibeba mtu? Basi ama huna ugonjwa, ama hukubeba. Na kama hilo ni uongo, nitajuaje lipi si uongo?"

Asema ataamini mtu mmoja tu: aliyeniona nikiwa mtoto, nikiumwa.

Aliyeniona. Mama yangu ni marehemu. Ndugu wote marehemu. Wenzangu wa jando amebaki mmoja. Seifu.

Nimezima simu.

Jumanne, 8 Julai

Mama Hafswa asema niende kwa Seifu. Siendi. Seifu hajanisalimia tangu habari ya jando ilipoingia kwenye websaiti, mwaka jana. Ati nimeigeuza. Ati yeye ndiye aliyenibeba. Nikamwuliza mke wangu, wewe ulikuwepo kumbini? Akasema hakuwepo, ila amekaa na mimi miaka arobaini na anajua nani hubebwa.

Nimekwenda kupiga pasi shuka.

Hafswa naye amepiga simu. Baba, niifute ile habari, ni kubonyeza tu. Nikamwambia akiifuta nitaiandika upya na safari hii nitatia chui.

Ijumaa, 11 Julai

Kanzu yangu leo imenyooka, inzi angetua angeteleza. Seifu alikuwa safu ya mbele. Yeye ni fundi cherehani, duka lake liko barabara kubwa, na kanzu yake mwenyewe ina pindo linalopanda upande wa kushoto. Baada ya swala akasimama mlangoni anapeana mikono na kila mtu. Kufika kwangu akainama kutafuta kiatu. Kiatu alikuwa amekwisha kukivaa.

Nimecheka hadi nyumbani. Nimewaandikia watu habari ya yule mtalii aliyetaka chupi yake ya kuogelea ipigwe pasi, na ikunjwe mstari kama suruali. Nilimkunjia. Akaivaa vile vile na mstari wake, akaingia baharini kifua mbele. Komenti zimemiminika, mpaka simu ikawa moto, nikaiweka gotini. Dawa!

Kadzo hajaandika.

Jumatatu, 14 Julai

Goti la kulia. Mgongo. Sana.

Jumatano, 16 Julai

Bado. Mama Hafswa anapasha shuka kwa pasi, ananifunika, ikipoa anapasha nyingine. Dawa hiyo niliigundua mwenyewe hotelini. Miaka yote ile nilisimama kwenye mvuke, baridi ikinitafuta kwingine. Vidonge nimemeza. Maji, jagi zima. Tumekubaliana na muuguzi nikizidiwa naenda. Sijazidiwa.

Picha sijapiga tangu Jumatatu. Kwenye websaiti wanauliza, Rai yu hai? Hafswa amewajibu kwamba yu hai, ana hasira tu.

Adhuhuri imeingia sauti kutoka simu ya Kadzo. Si yake. Ni ya mtoto.

"Babu wa pasi, mama amesema unaumwa. Mimi pia naumwanga mguu. Wako ni gani?"

Nikamwambia wa kulia. Akasema wake ni wa kushoto. Nikamsikia anapumua, anapiga hesabu. Kisha akasema basi tukichanga tunapata miguu miwili mizuri.

Nimecheka, ikauma, nikacheka tena. Mtoto kama huyu ati apelekwe mahali kungoja siku! Siku gani? Mimi nimeingoja yangu mpaka imesahau njia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesimama. Kwa fimbo, lakini nimesimama, na nimekwenda dukani kwa Seifu.

Alikuwa anashona sare za shule. Nikatoa salamu. Akaitikia, maana kuitikia ni faradhi, lakini aliiitikia cherehani. Nikakaa kwenye benchi. Akaniuliza nina nguo ya kushona? Nikasema sina. Akasema basi benchi ni la wenye nguo. Nikavua kofia nikampa. Akaigeuzageuza akaona kweli imefumuka ukingoni, akatia uzi. Namjua huyu. Hawezi kukiacha kitu kimefumuka.

Huku anashona nikamweleza yote. Kadzo, Harrison, lori la tarehe ishirini na sita, na ile miguu yetu miwili mizuri. Hakuinua kichwa. Alipomaliza akaukata uzi kwa meno.

"Nataka chumba," akasema.

Chumba gani tena?

"Kwenye hiyo websaiti yako. Ukurasa mzima na picha yangu. Niseme nitakalo, na wewe usiguse hata nukta."

Nikamwambia nusu ukurasa. Akaivuta sare ya shule akaendelea na kazi. Nikamwambia robo tatu. Akakanyaga cherehani kwa nguvu, mlio ukajaa duka. Basi. Nikampa wote.

Ubaya ni kwamba Seifu hana simu ya kuandika. Ikabidi nimshikie mimi! Mkono wangu, simu yangu, yeye ananishtaki na simu inaandika. Amesema mimi ni muongo tangu meno ya utoto. Yule pweza, amesema, nilimkuta amekwisha kufa. Na mtu sikumbeba. Kule kumbini baridi ilinipata, nikalia mpaka kungwi akaogopa, na yeye Seifu, kidonda chake bado kibichi, akanitia mgongoni akanipeleka kwa mama yangu. Nilikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Halafu akawataja ndugu zangu wanne, mmoja mmoja, kwa majina yao. Majina hayo sikuwa nimeyasikia kinywani mwa mtu siku nyingi. Nikatazama barabarani, kulikuwa na punda anapita, nikamtazama punda.

Mwisho akasema hivi, neno kwa neno, simu ninayo: "Tulitahiriwa asubuhi moja, kwa hivyo umri wake ni umri wangu, sabini na moja. Tangu siku ile watu wanasema Rai atakufa, na mimi nikangoja. Amekataa. Nimechoka kungoja, leo nimemshonea kofia."

Nikamwambia hapo pa kofia ni pazuri. Akasema hakuniuliza.

Jumatatu, 21 Julai

Hafswa amekipandisha chumba cha Seifu. Na picha, na lile pindo.

Watu wamejaa kuliko walivyopata kujaa kwangu! Wanauliza Mzee Seifu ataandika tena lini. Mmoja wa Tanga asema ameisoma akiwa kwenye foleni ya kliniki, wakacheka foleni nzima, daktari akatoka kuuliza kuna nini. Kwenye websaiti YANGU. Nimetia mstari chini, herufi kubwa: MWENYE NYUMBA NI RAI.

Ile habari yangu ya jando nayo ipo palepale, mlango wa pili. Sijaifuta. Tuliagana chumba, hatukuagana kubomoa.

Seifu amepita mara mbili hapa nyumbani kuuliza wameingia watu wangapi. Nimempunguzia.

Alhamisi, 24 Julai

Kadzo ameandika. Harrison amekisoma chumba cha Seifu, akakisoma tena, kisha akawasomea mafundi wenzake. Asema huyu mzee wa pili anamwamini, kwa sababu hana haja ya kumsifu yule wa kwanza. Ila mwanawe hamwekei maisha juu ya maandishi. Jumamosi lori litapita kwangu kwanza. Akituona kwa macho yake akaridhika, Lewis atarudi nyumbani na kliniki itaendelea. Asiporidhika, safari ya kwa nyanya iko palepale.

Mama Hafswa ameanza kutazama kuku kwa jicho la aina fulani.

Jumamosi, 26 Julai

Nimepiga pasi kanzu mara mbili. Nimepiga na ya Seifu — aliileta mwenyewe asubuhi, amekunja uso, asema tu kwamba ina mikunjo. Pindo nimelinyoosha kwa mvuke. Limeshuka, sasa liko sawa pande zote. Hakusema ahsante. Amekwenda kukaa kwenye kiti changu chenye mto.

Wamefika saa sita. Kadzo ni mwembamba, amenishika mkono kwa mikono yake miwili akawa hauachii. Lewis anachechemea kidogo, ana kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia. Alitazama mguu wangu wa kulia, akatazama wake wa kushoto, akatikisa kichwa kama mtu aliyehakikisha mzigo.

Harrison ni mkubwa, mikono ina grisi isiyotoka. Hakukaa. Aliniomba ruhusa, akanivuta ukope wa chini kwa kidole, taratibu. Akatazama manjano ya jicho langu, ile alama ya damu hii. Kisha akamgeuza mwanawe kwenye mwanga akatazama la kwake. Manjano ileile. Akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, alhamdulillahi.

Tumekula wali wa nazi na yule kuku. Lewis amekaa katikati yetu wazee wawili, amenihoji habari ya pweza. Nilianza. Seifu akakohoa. Nikampunguza pweza.

Baada ya kunawa Harrison akanigeukia. Mimi, si Seifu.

"Mzee, mwenzako nimemsoma. Sasa nataka kusikia kwako, kwa kinywa chako, mbele ya mtoto. Siku ile ya kumbini, nani alimbeba nani?"

Kadzo alimshika Lewis bega. Mama Hafswa alisimama na sinia mkononi, hakwenda jikoni wala hakurudi. Seifu akawa analitazama pindo lake jipya.

Nikasema ngojeni nichukue miwani. Nimeingia chumbani, ndipo ninapoandikia haya. Miwani ninayo usoni.

Nawasikia huko nje. Lewis anamwuliza Seifu, babu wa pasi alikuwa mzito? Seifu anaweza kujibu — mdomo anao, na chumba chake chote amekijaza na maneno hayo. Lakini amemwambia mtoto, mngoje mwenyewe atoke.

Ananingoja. Tena.

Haya, natoka. Hili nitakalokwenda kulisema lina shahidi mmoja tu aliye hai: Seifu, fundi cherehani, barabara kubwa ya Msambweni. Mwenye kubisha amwulize yeye. Alikuwepo, chini yangu kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa juu.