Tawi Lililofungwa kwa Ajili Yako

Bweni la Wasichana,
Koboko.
29 Septemba 2024

Mpendwa Dada Madinah,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Bombo. Je, kikohozi cha mtoto kimepungua? Mimi ni mzima. Haboba pia ni mzima, ila macho yake yanazidi kufifia. Siku hizi bibi yetu ananitambua kwa nyayo kabla sijasema neno.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Haboba mwenyewe. Siku ile ya likizo ya Agosti uliyompigia Mjomba Wani simu, nilikuwa nyuma ya jiko nikichambua mchele. Unajua Mjomba huweka simu yake kwenye spika. Nilisikia kila neno.

"Wewe kata tu," ulisema. "Mti ikikaa pale, duka yangu itajengwa wapi? Mwambie Haboba mchwa iko ndani. Yeye haoni."

Mjomba akauliza, "Na Bushira?"

Ukacheka. "Bushira wa vitabu! Atalia kidogo, kisha atafungua kitabu yake."

Ni kweli, nilikwenda nikafungua kitabu. Sikusoma hata mstari mmoja.

Dada, ni wewe uliyenifundisha kuupanda mzambarau ule. Ulinionyesha matawi ya kukanyaga na yale yanayovunjika bila kuonya. Zambarau za sokoni watu huzitia chumvi kwa sababu zinakausha ulimi, lakini zetu hazikuhitaji chochote. Tulikuwa tukitoleana ndimi tuone wa nani ni mweusi zaidi, na wewe hukukubali kushindwa. Sikujua kwamba mtu aliyelelewa na mti anaweza kuutungia ugonjwa.

Tena kuna jambo hukulijua. Katika likizo ya Mei, Haboba aliniita tutengeneze tawi. Unakumbuka kwamba mbegu za mti ule huota miti ya matunda makali, kwa hiyo utamu wake hupita kwa tawi tu. Yeye alilichagua kwa vidole, mimi nikachubua gome kuzunguka kama pete, nikabandika udongo wenye mbolea, nikafunga kwa nailoni. Ndivyo mama yake alivyouleta mti ule Arua kutoka Koboko, tawi lililokatwa kwa jina la Zam, yaani Haboba wetu. Mpaka leo kwetu anayekata tawi hutaja jina la atakayeonja matunda ya kwanza, na kabla yake haonji mtu.

Nilimuuliza, "Hii ni ya nani, Haboba?"

"Ya Madinah. Sasa yeye ana nyumba na ua wake. Mtoto yangu atakula zambarau ya soko mpaka lini?"

Basi ulipokuwa ukicheka kwenye simu, tawi lako lilikuwa linatoa mizizi juu ya mti uleule.

Waliukata asubuhi moja mwishoni mwa likizo. Haboba alikaa kwenye mkeka akisikiliza msumeno mpaka mti ulipoanguka. Kisha akauliza, "Wani, mchwa ilifika wapi?"

"Ndani kabisa, Mama."

Aliomba apelekwe akakiguse kisiki. Mjomba akamwambia atajikwaa. Mimi nilikigusa. Kilikuwa kizima, kimelowa maji, bila tundu hata moja.

Sijamwambia Haboba. Mti amekwisha kuupoteza, na sitaki akupoteze na wewe. Lakini ni mzigo, Dada, na umeniachia mimi niubebe.

Nisalimie shemeji Muzamili, umbusu mtoto. Mama na Haboba wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu ailinde nyumba yako na asikunyime kivuli.

Sasa nikuambie nilichofanya. Kabla msumeno haujawashwa nilipanda juu na kisu cha jikoni, nikalikata tawi lako chini ya fundo la udongo. Mizizi ilikuwa imejaa, inaonekana kupitia nailoni. Haboba alikuwa ameniagiza nitaje jina lako. Nilifungua mdomo, jina likakataa kutoka.

Niliporudi shuleni nililipeleka Lobule, huku huku Koboko, kwa Rosa Kiden, rafiki wa Haboba tangu usichana wao. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba yake. Rosa akasimama mlangoni, akauliza, "Hii mti ni ya nani?"

Nikasema, "Ya Zam."

Nikaupanda, nikaumwagilia, nikauzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi. Kisha nikarudi bwenini.

Jumapili iliyopita Haboba alipiga simu kuuliza kama tawi la Madinah limeshika. Nilimwambia limeshika.

Mdogo wako wa vitabu,
Bushira