Wakali Wasio na Kombe

Jumanne, 8 Septemba 2026

Leo msikitini wameniuliza tena: mdogo wako Mujtaba huwa wapi Jumamosi? Nikasema anaendesha gari. Wakadhani teksi. Nikawaacha hapo hapo.

Kweli yenyewe ni hii. Mhasibu wa kitongoji chetu cha Etobicoke, miaka hamsini na sita, anavaa helmeti na kuzungusha gari lililong'olewa viti, kwenye uwanja wa lami nje ya mji. Mwaka wa tisa huu. Ubingwa wa msimu — hajaupata. Wa pili mara nne!

Mkewe Sakeena kamwapisha: huu ndio mwisho. Kombe lije lisije, gari linauzwa. Imebaki Jumamosi moja tu, tarehe 19.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimeshinda maktaba nikisoma habari za wakubwa wa NASCAR, yale mashindano ya magari ya Marekani, waliokosa taji. Kumbe ni ukoo mzima!

Junior Johnson: ushindi hamsini, taji hakuna. Baadaye akamiliki timu, madereva wake wakamletea sita. Huyu simlilii sana.

Carl Edwards, 2011: pointi sawasawa na mwenzake. Sawasawa! Akanyimwa kwa sababu mwenzake alishinda mbio nyingi zaidi.

Denny Hamlin: hadi mwaka jana ushindi sitini, na taji lilikuwa kama liko mkononi. Mizunguko michache imebaki, bendera ya njano ikatoka, magari yakakusanywa upya. Basi.

Mark Martin: wa pili mara tano. Mwaka 1990 alikatwa pointi 46 kwa kipande kilichokaa chini ya kabureta kinyume cha kanuni. Taji likampita kwa pointi 26. Huyu nimemsoma mara mbili, nikafunga kitabu, nikaenda kunywa chai.

Jumapili, 13 Septemba

Pilau kwa Mujtaba. Alikuwepo Kiprotich, fundi wake, kijana wa Eldoret anayekula kama ana gari la pili tumboni. Ubishi: nani mkali kuliko wote waliokosa? Kiprotich anasema Hamlin, eti namba hazidanganyi. Mujtaba anasema Martin, hakuwahi kumgonga mtu makusudi.

Sakeena akapita na kachumbari: "Mkali ni mke wa kila mmoja wao."

Tulicheka. Mujtaba hakucheka sana.

Halafu mimi na mdomo wangu. Nilikuwa nimepiga hesabu. Tangu aanze, Muharram imeangukia ndani ya msimu kila mwaka, na zile siku kumi za mwanzo, za maombolezo, Mujtaba hagusi usukani. Yuko majlisini, nguo nyeusi, anagawa maji. Uwanjani hajawahi kuwaambia. Wanadhani ana harusi nyingi. Nikamwambia: mara mbili kati ya zile nne, mbio ulizokosa zingekutosha kuwa bingwa.

Akanijibu kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwetu, Kiprotich asielewe. Kwamba, dada, zile sikuzipoteza. Na kwamba pilau yangu inapoa.

Nimeona aibu. Kidogo.

Jumamosi, 19 Septemba

Saa nne asubuhi. Sakeena kamfunga imam zamin mkononi, ile sarafu kwenye kitambaa, ya kumlinda msafiri. Nikamuuliza: wifi, safari gani hii ya kuzunguka mara mia na kurudi ulipoanzia? "Ndiyo hiyo inayonitisha," akasema. Hajawahi kuja uwanjani. Leo kaja na mwavuli na tasbihi.

Saa tisa mchana. Naandikia jukwaani, karatasi inalowa. Mzunguko wa 86 — Mujtaba anaongoza! Mpinzani wake wa gari la kijani, aliyeingia leo akimzidi pointi tatu za msimu, yuko wa tano. Mara manyunyu. Bendera nyekundu, magari yote yamesimama.

Kiprotich kaja mbio kutueleza. Nusu imeshapita, kwa hiyo matokeo yanahesabika. Wasimamizi wanangoja: lami isipokauka ndani ya nusu saa, mbio zimekwisha. "Na zikiisha hivi, bingwa ni mzee! Mungu ametupea, mama. Tukae tu."

Sakeena anasali mvua iongezeke. Huyu aliyekuwa akiita gari lile mke mwenza! Kila tone, salawati.

Mujtaba katoka garini. Kavua helmeti. Kaangalia juu muda mrefu. Nikadhani anashukuru.

Kaenda kwenye lori la wafanyakazi, kachukua ufagio mpana. Anasukuma maji nje ya lami, ikauke, mbio ziendelee. Peke yake, na suti yake ya mbio.

Kiprotich anapiga kelele: "Mzee! Wacha hiyo! Mzee!" Hageuki. Yule wa gari la kijani alikuwa akimtazama, mikono kiunoni. Sasa naye kachukua ufagio.

Sakeena kanishika mkono: "Wifi, mwite. Wewe anakusikia."

Ananisikia, kweli. Kutoka hapa hata sina haja ya kupaza sauti. Lakini leo mdomo wangu nimeufunga.

Manyunyu yanapungua. Ameshafika kona ya pili, na nyuma yake lami inaanza kuwa ya kijivu.